Divisheni wani ya PCM, semista ya kwanza uhandisi sapu tatu. Tatizo huwa nini hasa?

Dada wa Majengo (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni.

Mdogo wangu wa kiume alimaliza kidato cha sita PCM (fizikia, kemia, hesabu) akapata divisheni wani ya pointi sita, hesabu A. Sasa yuko Arusha, mwaka wa kwanza, uhandisi ujenzi. Chuo sikitaji, siyo hoja yangu. Matokeo ya semista ya kwanza yametoka, ana sapu (mitihani ya kurudia) tatu, mojawapo hesabu. Hesabu ile ile aliyopata A.

Huku nyumbani Moshi kila mtu ana lake. Mama anasema kapata marafiki wabaya. Baba anasema simu. Juzi nikapanda basi nikamfuata getoni kwake, chumba alichopanga mtaa wa Sakina, bila kumwambia. Nimekuta madaftari yamejaa mpaka jalada la nyuma, kitabu kimefunguliwa kitandani, kijana amekonda. Huyo siyo mtu anayecheza. Akaniambia: "Dada, lekchara akifundisha naelewa. Nikibaki na swali peke yangu sijui naanzia wapi."

Mliopita huko, nini kiliwabana mwaka wa kwanza na nini kiliwatoa? Nataka nimsaidie kabla ya sapu, siyo kumsema.

#2 Msuli wa Usiku

Pole dada. Hayo yanawakuta wengi kuliko wazazi wanavyojua.

Kidato cha tano na sita unasoma miaka miwili kwa ajili ya mtihani mmoja wa Mei. Ukilegea cha tano, unafidia cha sita, mradi Mei ikukute umeiva. Chuo hakuna kufidia. Wiki ya tano au ya sita testi ya kwanza imefika na alama zake zinahesabiwa. Vyuo vingi kazi za semista zina 40, mtihani wa mwisho 60. Mtu anaanza kwa mwendo aliouzoea, anakuja kushtuka robo tatu ya zile 40 zimeshapita.

Muulize kazi za semista alikuwa na ngapi katika hayo masomo matatu. Anza hapo.

#3 Chalii wa Sakina

Geto. Mimi naishi huko huko Sakina, najua ninachosema.

Bwenini kengele inakuamsha, kengele inakupeleka prepo, chakula unakikuta. Getoni unachota maji mwenyewe, unapika mwenyewe, unafua, unagombea kifodi asubuhi, jioni jirani kafungulia redio. Saa nne usiku ndiyo unafungua daftari na macho yameshakwisha. Baba yenu naye mumsikilize kidogo kwenye simu. Kijana wa shule ya serikali alikuwa haruhusiwi kuwa nayo, ghafla anayo saa 24.

#4 Mzee wa Unga Ltd

Vijana amani iwe nanyi.

Mimi nilisoma FTC (cheti cha fundi sanifu) Chuo cha Ufundi hapa Arusha miaka ya 80, chuo kikiwa bado kichanga. Kilifunguliwa 1978 kwa msaada wa Ujerumani. Siku za mwanzo hatukupewa kitabu. Tulipewa kipande cha chuma laini, tupa, jiliwa la kubania na guni la kupimia pembe mraba. Ukifunga chuma kwenye jiliwa unakisugua kwa tupa mpaka uso unyooke, kisha unaweka guni juu yake na kukiinua usawa wa dirisha. Mwanga ukipenya kati ya chuma na guni, mwalimu anakurudisha. Unasugua tena. Viganja vinatoka malengelenge. Wengine walikuwa wakisugua uso mmoja siku nzima kwa sababu waliegemeza mkono, wakala upande mmoja zaidi, uso ukawa na mgongo.

Pale tulijifunza kitu ambacho watoto wa siku hizi hawakipati, kwamba mhandisi hakisii, anapima. Leo mtoto anaingia mwaka wa kwanza hajawahi kushika tupa, anaambiwa asanifu boriti. Ataanzia wapi? Maneno ya huyo kijana nimeyaelewa sana.

#5 Kalamu HB

Shikamoo mzee wetu #4. Nakuunga mkono nusu.

Mimi ni mhandisi ujenzi na kilichonitoa jasho mwaka wa kwanza ni mchoro. Nilitoka shule ya kawaida ya wasichana, PCM safi, sijawahi kuona ubao wa kuchorea wala rula ya T. Wenzangu waliotoka Moshi Tech, Tanga Tech na Ifunda walikuwa wameshachora tangu kidato cha kwanza. Mwalimu akisema "toeni sura tatu za hiki kitu, mbele, juu na ubavuni", wao wanaanza. Mimi bado najiuliza sura ya juu inakaa wapi kwenye karatasi. Na inategemea. Mfumo wa pembe ya kwanza sura ya juu inakaa chini ya sura ya mbele, mfumo wa pembe ya tatu inakaa juu. Ukichanganya, mchoro mzuri unapata sifuri.

Lakini dada kasema mojawapo ya sapu ni hesabu. Kukosa tupa hakumfelishi mtu hesabu, mzee wangu.

#6 Pasua Kwetu

Mmesahau likizo ndefu. Mtihani unaisha Mei, chuo kinafungua Oktoba au Novemba. Katikati kuna JKT kwa waliochaguliwa, kuna kukaa nyumbani kusubiri majina, kuna kuhangaikia mkopo. Hesabu ni kama mwili wa mwanamichezo, ukiacha mazoezi miezi mitano unarudi mzito. Mdogo wangu alirudi kutoka JKT amekakamaa kifua, ukimpa swali la logi anakutazama.

#7 Msuli wa Usiku

#6, likizo hiyo ni ya wote. Na waliopata wani na waliopata tuu wote walikaa nyumbani. Mbona wengine wanapita bila sapu hata moja?

#8 Mwalimu wa Tengeru

Nimefundisha somo la mekaniki (nguvu na mwendo) mwaka wa kwanza kwa muda mrefu, sasa nimepumzika. Dada wa Majengo, sentensi ya mdogo wako nimeisikia kwa wanafunzi wengi, karibu kwa maneno hayo hayo. Naomba nieleze taratibu.

Chukua swali hili. Ngazi ya mita 5 imeegemea ukuta laini usio na msuguano. Mguu wake uko mita 3 kutoka ukutani. Uzito wake nyutoni 200, na uko katikati. Msuguano wa sakafu unaoizuia isiteleze ni kiasi gani?

Mwanafunzi aliyezoea kukimbizana na mitihani ya nyuma anafanya jambo moja: anatafuta kanuni. Anafungua ukurasa, anatafuta "ngazi". Akikuta ngazi ya mita 6 iliyoinama nyuzi 60, anajaribu kuilazimisha. Hajachora hata mstari. Ndiyo maana nikimfundisha mimi anaelewa, kwa sababu mchoro nimechora mimi. Kazi yote ya kufikiri ilikuwa kwenye mchoro.

Nilikuwa nawaambia: futa dunia. Futa ukuta, futa sakafu, ibaki ngazi peke yake hewani. Halafu kila ulichofuta, weka mshale mahali pake. Ukuta ulikuwa unaisukuma ngazi kwa mlalo, weka mshale. Sakafu ilikuwa inaibeba kwenda juu, weka mshale. Sakafu hiyo hiyo ilikuwa inaizuia isiteleze, weka mshale kuelekea ukutani. Na uzito katikati kwenda chini. Mishale minne, basi. Sasa simama kwenye mguu wa ngazi uhesabu nguvu za kuzungusha. Mishale miwili inapita hapo hapo mguuni, haizungushi kitu. Inabaki miwili, na swali limekwisha.

Sikuwahi kumpa mtu alama ya jibu kama hana mchoro. Walilalamika. Ifikapo mwaka wa pili walikuwa wanachora bila kuambiwa.

La pili, na hili wazazi walijue. Katika mfumo wetu krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Mwaka una krediti 120, yaani saa 1,200. Semista moja saa 600. Zigawe kwa wiki 15 upate saa 40 kila wiki. Hiyo ni ajira kamili. Na 120 ni kiwango cha chini, uhandisi mara nyingi huzidi.

#9 Chalii wa Sakina

Mwalimu shikamoo. Saa 40 darasani? Sisi ratiba yetu haikufika hata 30.

Halafu ngazi nimeipiga: msuguano ni nyutoni 100.

#10 Kalamu HB

Chalii, 40 ni kila kitu pamoja: darasani, maabara, karakana, asaimenti na kusoma mwenyewe. Ratiba ikionyesha 28, zile 12 zinazobaki ni zako, na wengi huzila.

Na ngazi siyo 100. Ngazi inafika mita 4 juu ukutani (3, 4, 5). Uzito uko katikati, kwa hiyo umbali wake wa mlalo kutoka mguuni ni mita 1.5, siyo 2. Umechukua nusu ya kimo badala ya nusu ya kitako. 200 mara 1.5 ni 300, gawa kwa 4, ukuta unasukuma 75. Msuguano nao 75. Ulichora kweli?

#11 Chalii wa Sakina

Dada Kalamu umenikamata mbele ya watu. 75, sawa, nimeshaichora sasa.

#12 Mangi wa Diploma

Nawasoma tangu juu. Mimi nilipitia njia nyingine: kidato cha nne, diploma ya umeme, nikafanya kazi kidogo, ndipo nikaingia shahada. Mzee #4 angenipenda: naunga motor, nasoma mchoro wa umeme, paneli naifungua nimefumba macho. Na bado mwaka wa kwanza nilitoka damu ya pua kwenye hesabu. Vijana wa PCM walikuwa wanamaliza asaimenti ya kalkulasi wakati mimi bado natafuta maana ya swali.

Tulifanya biashara nzuri sana. Kulikuwa na kijana wa Ilboru, kipanga hasa. Yeye ananifundisha kalkulasi, mimi namfundisha maabara, maana alikuwa anaogopa hata kugusa waya usio na umeme. Tulikaa meza moja mpaka mwaka wa nne.

Kwa hiyo nadharia ya "hajashika tupa" na nadharia ya "alikariri" zote mbili hazinitoshi. Mimi nilishika tupa, yeye hakukariri, na wote tulibanwa. Ninachokiona ni upweke. Anayesoma peke yake getoni anaanguka, awe nani.

Dada, mdogo wako ana kikundi?

#13 Dada wa Majengo

Asanteni sana, sikutegemea majibu haya.

#2 nimemuuliza. Hesabu kazi za semista 17 kati ya 40. Mchoro 15. Mekaniki 19. Testi ya kwanza ya hesabu anasema aliingia akijua ni majaribio tu kama ya shuleni.

#8 mwalimu wangu, ngazi nimemtumia bila jibu. Akanipigia baada ya dakika kumi kusema hakuna vipimo vya kutosha. Nikamwambia futa dunia. Akanyamaza. Baadaye akatuma picha, mishale minne, 75. Nimefurahi mpaka nimemwonyesha mama.

#12 hana kikundi. Anasema wenzake wanaongea Kiingereza chepesi na wengine wanatoka shule kubwa za Dar, yeye anaona aibu kuuliza.

#14 Mama Mhandisi Moshi

Hiyo aibu ndiyo ugonjwa. Mengine yote ni dalili.

Darasani kwetu wasichana tulikuwa wachache mno, ukikosea swali ubaoni darasa zima linajua. Nikawa sinyanyui mkono. Nikawa sisogei kwenye vikundi vya usiku pia, kwa sababu vinaisha saa tano na mimi nakaa mbali na kampasi. Aliyenitoa ni tutor mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa nne, alikuwa anakaa maktaba Jumamosi asubuhi. Mchana kweupe. Tukawa wasichana watatu, wakaja wavulana wawili, kikawa kikundi. Dada, usimwambie tu "tafuta kikundi". Msaidie apate saa na mahali panapomfaa. Kila chuo kina wa mwaka wa tatu na wa nne wanaopenda kufundisha, aanze na CR wake (kiongozi wa darasa) amuulize.

Na hicho Kiingereza chepesi kisimtishe. Wengi wanaoongea hivyo hawajui ngazi ya #8.

#15 Bumu Likitoka

Wote mnakwepa pesa. Mkopo wa chakula na malazi ni 10,000 kwa siku kwa anayepata. Hapo kuna kodi, na dalali na mwenye nyumba wanataka ya miezi mingi kwa mkupuo. Kuna nauli, umeme, kuchapisha madesa (notisi), rula na karatasi za mchoro. Bumu (hela ya mkopo) likichelewa, mtu anakula mlo mmoja. Kijana amekonda, dada kasema mwenyewe, na watu wamepita hapo haraka haraka kwenda kwenye hesabu.

Dada, mdogo wako anakula nini?

#16 Dada wa Majengo

#15 umenigusa. Ana mkopo lakini siyo asilimia yote. Nilikuta unga, dagaa na kitunguu kimoja. Alisema anakula mchana kwa mama ntilie "siku nyingine". Jumamosi nampelekea ndizi na maharage, na nitazungumza na baba kuhusu hela ya wiki.

#17 Pasua Kwetu

Ndizi za kutosha za mtori umpelekee, Arusha Juni baridi haina huruma.

Mimi bado nasimama na likizo ndefu. Kazi za semista 17 kati ya 40 maana yake alianza vibaya tu, siyo hajui. Angeanza Novemba akiwa wa moto tusingekuwa hapa.

#18 Msuli wa Usiku

Na mimi nasimama na testi. Kasema mwenyewe alidhani ni majaribio.

Ila tuangalie mbele. Sapu siyo mwisho, kudisko (kufukuzwa chuo) ndiyo mwisho, na hapo hajafika. Ajifungie, afanye maswali, asisome madaftari tena. Daraja la kwanza linaanzia GPA (wastani wa alama) ya 4.0, akifuta hizi sapu na kukaza mwaka wa pili bado anaweza kulifikia.

#19 Mwalimu wa Tengeru

Daraja la kwanza ni kuanzia 4.4. Kuanzia 3.5 mpaka 4.3 ni daraja la pili la juu. Na kosi lililopitwa kwa sapu vyuo vingi hulipatia alama ya chini kabisa ya kupita, hata ukipata 90. Asome kanuni za chuo chake. Lakini afute kabisa mawazo ya daraja kwa sasa, anahitaji kupita na kuelewa. Mekaniki asiyoielewa mwaka wa kwanza inamsubiri kwenye nadharia ya majengo mwaka wa pili.

#20 Mzee wa Unga Ltd

Kalamu HB umeniuliza hesabu inahusiana nini na tupa. Nitakujibu mwanangu. Sisi trigonometria tuliielewa karakanani, kwa kupima mteremko wa kipande tulichokata wenyewe. Ukikosea sini na kosini, kipande hakiingii mahali pake na mwalimu anakiona. Mtoto wa sasa anaijua pembe ya karatasini tu.

Huyo kijana likizo asikae nyumbani. Arusha hii ina TEMDO ya kubuni mashine, ina CAMARTEC ya zana za kilimo, ina SIDO ya viwanda vidogo, ina karakana za mitaani huku kwetu Unga Ltd ambako watu wanatengeneza mashine za kusaga na kukoboa kila siku. Aombe hata kufagia, akae karibu na watu wanaopima.

#21 Kalamu HB

Hilo la likizo nakubali kwa mikono miwili, mzee. Na kwa uhandisi ujenzi maeneo ya kazi hayakosekani mjini hapa. Aandike barua mapema, nafasi za mafunzo kwa vitendo huwa zinawahiwa. La hesabu bado sikubali.

#22 Mangi wa Diploma

Kalamu na Mzee, mkikutana naomba niwepo.

Dada, mimi niko Arusha mjini, Jumamosi asubuhi huwa na vijana wawili wa mwaka wa kwanza tunapitia hesabu. Ukiridhika tumia ujumbe wa faragha, uje naye mara ya kwanza unione. Bure.

#23 Dada wa Majengo

Mungu akubariki kaka. Nimeshakutumia ujumbe. Nakuja naye.

Swali la mwisho jamani: anasema semista hii kuna AutoCAD na hana kompyuta. Fundi mmoja hapa Moshi ana laptopu iliyotumika, RAM 4, diski ya zamani ile inayozunguka. Ninunue?

#24 Chalii wa Sakina

Usinunue hivyo ilivyo. Kwa RAM 4 AutoCAD itafunguka ila itamtesa akifungua mchoro mkubwa. Mwambie fundi aitoe hiyo diski aweke SSD (ya kisasa isiyozunguka), na aongeze RAM ifike 8 kama mashine inakubali. Kabla hujatoa hela, hakikisha nafasi ya pili ya RAM ipo, nyingine zimegandishwa ubaoni haziongezeki. Na wanafunzi wana leseni ya bure ya AutoCAD, anajisajili kwenye tovuti ya Autodesk na kuthibitisha kwamba ni mwanafunzi. Asichukue za kwenye flashi za watu, zinakuja na virusi.

#25 Kalamu HB

Sahihi kabisa. Na dada, ubao wa kuchorea na rula ya T ninavyo vyangu vya zamani, vimekaa tu juu ya kabati. Jumamosi nitavipeleka kwa Mangi #22, mdogo wako avichukue hapo. Penseli anunue 2H ya mistari ya kwanza na HB ya kukolezea.